Uzi: Vashti Bunyan, aliyeimba, akaona hakuna aliyesikia, akatundika gitaa miaka 30

#1 · Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kule kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala. Saa nane za usiku hakuna cha kufanya zaidi ya kuangalia geti na kupambana na usingizi, kwa hiyo nanunua bando la usiku nasikiliza muziki. Mwezi uliopita nilikuwa kwa Tracy Chapman, kama ilivyo kawaida ya watu wa rika langu, wimbo ukaisha na YouTube ikajichagulia unaofuata. Nikasikia gitaa linadonolewa taratibu, zikaja filimbi, na sauti ya mwanamke. Sauti ndogo, wakuu. Kama mtu anayeimba jikoni huku anaogopa kumwamsha mtoto chumba cha pili. Dakika mbili hazijafika, umeisha. Nikaurudia. Nikaurudia tena. Kumekucha sijui nimeurudia mara ngapi na bando limekata.

Wimbo unaitwa "Diamond Day", mwimbaji ni Vashti Bunyan, Mwingereza, umetoka mwaka 1970. Nilipoanza kumchimba nikakuta kisa chenyewe kitamu kuliko hata wimbo, nikasema nije niwamegee.

Alizaliwa mwaka 1945 kaskazini-mashariki mwa Uingereza, huko kwenye mto Tyne, akakulia London. Baba yake daktari wa meno. Alipelekwa Oxford kusomea uchoraji, chuo cha Ruskin, na mwaka 1964 wakamfukuza, maana badala ya kuchora alikuwa anatunga nyimbo. Miaka hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda kutembea New York akakutana na santuri ya Bob Dylan, ile *The Freewheelin'*, na hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia sawasawa. Akarudi London na gitaa lake na ndoto moja: awe nyota wa pop. Likumbukeni hilo neno, pop. Tutalirudia.

Mwaka 1965 akachukuliwa na Andrew Loog Oldham, meneja wa kundi la rock la Rolling Stones wakati huo. Akampa wimbo ulioandikwa na Mick Jagger na Keith Richards wenyewe wa kundi hilo, ukatoka kwa lebo ya Decca, yeye akitajwa kwa jina moja tu, Vashti. Utunzi wake mwenyewe ukawekwa upande wa pili wa santuri. Yaani binti wa miaka 20 ana meneja wa Stones, ana wimbo wa Stones, ana lebo kubwa. Mnadhani nini kilitokea?

Hakuna kilichotokea. Mwaka uliofuata akatoa mwingine kwa lebo nyingine, "Train Song", nao ukapita kama upepo. Nyimbo nyingine alizomrekodia Oldham zikabaki kabatini.

Ngoja nikazunguke geti, nakuja.

#2

Nimekaa kiti cha mbele. Mkuu usije ukatuacha njiani kama wale wa "itaendelea" ambayo haiendelei.

#3

Nimeufungua huo wimbo. Kwa heshima zote mkuu, huo sio muziki, hiyo ni dawa ya usingizi. Ngoma hakuna, besi hakuna, sauti yenyewe mpaka uibembeleze ije. Tena mtoto wa daktari, kasoma Oxford, wakubwa wa muziki wamemshika mkono. Sasa hapo unataka tumhurumie kwa kipi?

#4 · Mleta uzi

Mkuu #3, sijaja kuchangisha rambirambi. Kaa usikilize kwanza.

Baada ya kugonga mwamba, dada alikata tamaa na London. Akawa na rafiki yake wa kiume, Robert Lewis, mwanafunzi wa sanaa chuo cha Ravensbourne, kusini mwa jiji. Nyumba hawana. Wakahamia porini nyuma ya chuo, chini ya kichaka kikubwa cha maua. Narudia: chini ya kichaka. Wakapaweka vizuri pakawa kama kibanda. Kumbe ardhi ile ni ya Benki Kuu ya Uingereza. Wakatimuliwa.

Mwanamuziki Donovan, aliyekuwa maarufu kweli wakati huo, alikuwa amenunua ardhi kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, anataka wasanii wakaishi pamoja huko, walime, wapige muziki. Akawakopesha hela, wakanunua farasi na gari la kukokotwa. Mwaka 1968 safari ikaanza. Farasi jike anaitwa Bess, mbwa anaitwa Blue, na wao wawili. Kwa barabara ni kama kilomita 1,000. Fikiria Dar hadi Mwanza, punguza kidogo, halafu uende kwa mwendo wa farasi anayesimama kula majani kila akijisikia.

Iliwachukua zaidi ya mwaka.

Njiani akawa anatunga. Si nyimbo za kumtafuta meneja tena. Anatunga kinachopita mbele ya macho yake: farasi, mvua, moto wa kuni, mbayuwayu, ziwa. Kuna mmoja, "Jog Along Bess", ni wa farasi mwenyewe, na ukiusikiliza utaona mdundo wake ni hatua za yule mnyama. Hata haharakishi. Ukijua kwamba mtunzi alikuwa amekaa nyuma ya farasi siku nzima, miezi na miezi, unaelewa kwa nini hakuna wimbo wake unaokimbia.

Wakafika Skye. Donovan hayupo, ile jumuiya imeshavunjika. Wao wakavuka bahari nyingine wakaenda kisiwa cha Berneray, mbali zaidi.

#5

Mimi napiga gitaa kanisani na kwenye maharusi, niruhusuni nigusie ufundi kabla hamjafika mbali.

#3 anasema besi hakuna. Ipo mkuu, ila haijapewa mtu wake. Weka spika za masikioni, usisikilize kwa spika ya simu. Gumba lake linatembea kwenye nyuzi nene, linahesabu hatua, na vidole vingine vinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Mkono mmoja unafanya kazi ya watu wawili. Halafu sikiliza sauti inavyoingia: haikai juu ya gitaa kama waimbaji wetu wengi tunavyofundishwa, inakaa katikati yake, kimo kimoja. Anapumua unasikia. Hatikisi sauti mwishoni mwa mstari, anaiacha tu iishe. Jaribu kuimba hivyo mbele ya watu uone inavyotisha, maana huna pa kujificha.

Babu yangu alikuwa na santuri za Mwenda wa Bayeke wa Katanga, yule aliyerekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, akipiga kwa gumba na kidole cha shahada peke yake. Sisemi hawa wawili walijuana wala walisikilizana. Nasema nilipomsikia huyu mama mkono wangu ulijua njia kabla sijatafuta nota, kwa sababu ya babu. Tofauti yao ni kwamba Mwenda anachekesha gitaa, linacheza. Huyu analilaza.

#6

"Analilaza." Hata wewe #5 umekubaliana na #3 bila kujua.

#7 · Mleta uzi

#5 asante sana kaka, umesema nilichoshindwa kusema.

Tuendelee. Katikati ya safari hiyo alikuwa amekutana na Joe Boyd, Mmarekani aliyekuwa akitayarisha muziki London, ndiye aliyekuwa akiwarekodi akina Nick Drake na kundi la Fairport Convention. Boyd akamwambia hizo nyimbo za safari tuzirekodi. Mwishoni mwa 1969 akashuka kutoka visiwani akaingia studio ya Sound Techniques. Boyd akamletea watu wazito: Robert Kirby wa kupanga fidla na filimbi, Robin Williamson wa kundi la Incredible String Band na kinubi chake, Dave Swarbrick na Simon Nicol wa Fairport. Santuri ikaitwa *Just Another Diamond Day*, nyimbo 14, nusu saa hivi.

Hapa ndipo lile neno pop linaporudi. Watu wote wanamwita mwimbaji wa folk, yaani nyimbo za jadi na gitaa, wengine wakamvika hadi taji la mama wa folk. Yeye mwenyewe halipendi jina hilo na amelisema miaka yote. Alitaka kuimba pop kwa sauti ya chini, basi. Lakini ukizungukwa na fidla, banjo na kinubi studio, na umefika na hadithi ya farasi, nani atakuelewa? Mimi nasimama upande wake. Toa vile vyombo, ubaki na yeye na gitaa, utasikia nyimbo fupi zenye kiitikio kinachonata, ambazo angeziimba binti yeyote kwenye redio. Ala za watu ndizo zilizomvalisha kanzu ya mwanakijiji.

Mke wangu aliponisikia nikiziweka nyumbani aliuliza kama nimempakulia mtoto nyimbo za chekechea. Nikabisha. Kumbe yupo sahihi nusu: ule unaoitwa "Lily Pond" umewekwa juu ya sauti ya "Twinkle Twinkle", ileile ya watoto.

Santuri ilichelewa, ikatoka Desemba 1970. Ikauza nakala mia chache. Magazeti karibu yasitie neno. Na yeye wakati huo ana mtoto mchanga, kalala maskini na sasa kaamka hana kitu tena. Akasoma ule ukimya wa watu kama jibu: nyimbo zako ni mbaya. Akaacha.

Na kuacha kwenyewe sio kupumzika. Aliacha kabisa. Akaishi Uskoti, Ireland, akarudi Uskoti, akafuga, akalea watoto watatu. Amesimulia mwenyewe kwamba hata watoto wake hakuwaimbia. Mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza kuliko zote nilizowahi kusikia, watoto wake wamekua bila kuisikia. Hapo nilisimamisha video nikatoka nje.

#8

Mimi ni msomaji wa kimya humu lakini hiyo aya ya mwisho imenitoa mafichoni.

Shangazi yangu aliimba kikundi cha taarabu Tanga miaka ya sabini. Si mwimbaji mkubwa, ila mtaani alijulikana. Akaolewa, mume hakutaka mambo ya jukwaani, akaacha. Tumekua tunajua tu kwamba "shangazi zamani aliimba". Mwaka juzi binamu yangu akapata kanda yenye sauti yake, akaihamishia kwenye simu, tukamwekea sikukuu ya Idi, familia nzima ipo. Mashairi mawili tu. Shangazi akainuka, akabeba beseni, akaenda kufua uani. Nguo zenyewe zilikuwa zimefuliwa tayari.

Tulidhani hajapenda. Sasa nasoma hapa najiuliza.

#9

Dada #8, usimwekee tena mbele ya watu. Mpe peke yake.

#10 · Mleta uzi

#8 umenipiga. Hapo kwenye beseni nimekaa nalo dakika kumi.

Namalizia. Miaka ya tisini mwishoni mama wa watu ananunua kompyuta. Anaingia intaneti, anafanya kile ambacho sote tulifanya siku ya kwanza: anaandika jina lake. Anakuta watu wanamtafuta. Ile santuri iliyouza nakala mia chache, wakusanyaji wanaigombania minadani, nakala moja zaidi ya pauni 1,000. Watu wasiomjua wanaandikiana kuhusu nyimbo zake. Miaka karibu 30 alikuwa anaishi akiamini hakuna aliyesikia.

Akaanza kuifuatilia, na mwaka 2000 lebo ndogo ya Spinney ikaitoa upya. Safari hii ikakuta masikio. Vijana wa Marekani waliokuwa wanafanya muziki wao wenyewe vyumbani, kwa lebo ndogondogo huru, wakamchukua kama bibi yao. Mmoja wao, Devendra Banhart, alimwandikia barua kumuuliza kama aendelee na muziki au aache. Hebu ona aliyeulizwa ni nani! Mwaka 2004 wakaimba pamoja kwenye santuri ya huyo Banhart. Mwaka 2005 akarekodi na kundi la Animal Collective, na Oktoba mwaka huohuo akatoa ya kwake, *Lookaftering*, chini ya lebo ya FatCat, mtayarishaji Max Richter. Joanna Newsom yumo na kinubi. Robert Kirby yuleyule wa 1969 naye yumo.

Kutoka santuri ya kwanza hadi ya pili: miaka 35.

Sauti haijazeeka, hilo ndilo la ajabu. Wengine wanaharibu sauti kwa kuimba sana, huyu aliihifadhi kwenye boksi. Lakini maneno yamekua. Ya kwanza ni binti anayeangalia nje ya gari la farasi. Ya pili ni mama anayeangalia mlango ambao watoto wamepitia wakaondoka. Mimi naipenda ya pili zaidi, najua mtanipiga mawe.

#11

Ahsante kwa uzi, ndugu yangu. Naandika kutoka Unguja.

Umetaja mto Tyne na umetaja Oktoba 2005, nikacheka peke yangu. Mwezi huohuo, kwenye mto huohuo, Newcastle na Gateshead, ndiko Bi Kidude wetu alikopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho makubwa ya muziki wa dunia. Kwa hiyo mmoja kazaliwa kwenye mto ule akapotea, mwengine katoka Unguja akaenda kutuzwa palepale. Nasibu tu, lakini nzuri.

Ila msije mkawaweka kapu moja kwa sababu wote dunia iliwachelewa. Bi Kidude hakuacha hata siku moja. Dunia ikisikia, isisikie, yeye yumo kwenye unyago, yumo harusini, ngoma kaifunga kiunoni. Hakusubiri santuri imwambie kuwa yeye ni mwimbaji, maana kila wiki kulikuwa na watu mbele yake wanaoitikia. Mpaka anafariki Aprili 2013 alikuwa hana habari ya kustaafu.

Huyu Bi Vashti nionavyo mimi hakukosa kipaji wala wakubwa wa kumshika mkono. Alikosa waitikiaji. Nyimbo zake zote kaimba mwenyewe, kwa mwenyewe, njiani, na farasi haitikii.

#12

"Farasi haitikii." Uzi ufungwe hapo.

#13 · mimi yule wa #3

Usifungwe, nina swali. Nimesoma yote, nakiri kisa kizuri. Lakini tuongee hela. Hao wakusanyaji wanaouziana santuri kwa pauni 1,000, yeye kwenye hiyo mauzo anapata ngapi? Sifuri. Santuri ikishauzwa mara ya kwanza imetoka mkononi mwa msanii. Ndio yaleyale ya wazee wetu waliorekodi redioni enzi hizo, nyimbo zinapigwa kila Jumapili, wao wanaomba nauli.

#14 · Mleta uzi

Hapo umeongea, na sina cha kubisha. Ndiyo maana ile kuitoa upya mwaka 2000 ilikuwa na maana kuliko sifa. Halafu mwaka 2006 kampuni ya simu ya T-Mobile ikautumia "Diamond Day" kwenye tangazo la televisheni Uingereza. Wimbo uliotungwa na mtu aliyefukuzwa chini ya kichaka sasa unauza simu. Mimi sijui nicheke au nilie, ila wengi walimjua kwa tangazo hilo. Mwaka 2007 zile nyimbo za zamani za kabatini, za 1964 hadi 1967, nazo zikakusanywa zikatoka.

Na kuna santuri ya tatu, *Heartleap*, 2014. Hiyo imemchukua miaka saba, sehemu kubwa kaitengeneza mwenyewe nyumbani Edinburgh kwenye kompyuta. Hasomi nota, na piano hajui kuipiga kwa mikono miwili, kwa hiyo alikuwa anarekodi mkono mmoja kwanza, halafu anarudi anarekodi mwingine. Ukisikiliza hujui. Alisema ndiyo ya mwisho. Mwaka 2022 akaandika kitabu cha maisha yake, *Wayward*, na humo safari ya farasi ipo yote.

#15

Mkuu, kwa mtu mgeni aanzie wapi? Nina GB moja tu.

#16 · Mleta uzi

GB moja inatosha na chenji inabaki, nyimbo zenyewe fupi.

Anza na "Train Song" ya 1966, hapo utamsikia kabla ya farasi, gitaa na huzuni basi. Halafu "Diamond Day". Ukiona umeshikika chukua *Lookaftering* nzima, usiichanganye na nyimbo nyingine, na usiisikilize mchana kwenye kelele, utaona hamna kitu. Hizi nyimbo haziwezi kushindana na jenereta.

#17 · yule wa shangazi

Nimerudi. Nilifuata ushauri wa #9. Nimemtumia shangazi ile kanda WhatsApp, sikuandika neno lolote. Tiki mbili za bluu tangu juzi. Hajajibu. Lakini mtoto wake kaniambia jana usiku simu ya mama ilikuwa inaimba chumbani, mlango umefungwa.

#18

Dada usimuulize. Mwache.

#19 · mimi yule wa #3

Wakuu, nimekuja kutoa taarifa. Leo nimeweka *Lookaftering* masikioni nikiwa kwenye daladala natoka Kariakoo, nikasema nisikilize mbili tatu ili nije nibishe vizuri. Nilipaswa kushuka Tazara. Konda kaniamsha Gongo la Mboto, gari tupu, mate shavuni.

Nauli ya kurudi namdai mleta uzi. Na anitumie na hiyo ya tatu.